Mume wangu anataka nijitoe kanisani kwa sababu ya kodi

BARUA

Mama Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, Mchaga wa Machame, nimezaliwa na kulelewa katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Ninaishi Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, pamoja na mume wangu, ambaye ni mhandisi na mzaliwa wa huku, na binti yetu mwenye umri wa miaka 13. Tulifahamiana alipokuja Moshi kufanya kazi katika mradi wa maji, tukafunga ndoa katika usharika wa nyumbani mbele ya wazazi wangu na ukoo wote. Mume wangu alikuwa amebatizwa utotoni kwa sababu bibi yake alisisitiza, ingawa wazazi wake hawakuwa watu wa kanisa, na cheti kile cha ubatizo ndicho kilichomridhisha mchungaji aliyetufungisha ndoa.

Tulipohamia huku niliulizwa dini yangu wakati wa kujiandikisha manispaa, nikajibu kwa fahari kwamba mimi ni Mlutheri, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikatwa kodi ya kanisa. Kwangu hilo halikuwa mzigo, maana hata nyumbani tulizoea kutoa ahadi katika bahasha zenye namba. Miaka michache baadaye mume wangu alikwenda ofisi ya usajili akajitoa kanisani kisheria, akisema haoni kwa nini alipie kitu asichokitumia. Niliumia, lakini sikusema kitu, kwa kuwa hakuwahi kunizuia kusali wala kumfundisha mtoto kusali.

Mwaka jana nilipunguza saa za kazi katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya uuguzi, kwa sababu ya maumivu ya mgongo, na kipato changu kikashuka wakati cha mume wangu kikipanda. Kwa kuwa tunawasilisha hesabu za kodi kwa pamoja kama mke na mume, tulipokea barua inayoeleza kwamba, katika ndoa ambamo mmoja ni mshirika wa kanisa na mwenzake si mshirika, kanisa hutoza ada ya pekee inayokadiriwa kwa kuangalia kipato cha wote wawili. Sijawahi kumwona mume wangu akiwa amekasirika namna ile. Alisema kwamba alijitoa kwa hiari yake mbele ya sheria, na sasa anatozwa kwa kupitia mimi.

Ameniomba nijitoe kabla ya mwaka kwisha. Hanitishi, ananiomba, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu ni mtu mwema na haniombi mambo mengi. Anasema imani iko moyoni, na kwamba kanisa langu hasa liko Machame, ambako kila mwaka yeye mwenyewe huniunga mkono tunapotuma ahadi na mchango wa ujenzi. Kanisa la huku, anasema, hata jina lako hawalijui. Nashindwa kumjibu, kwa sababu Jumapili nyingi niko zamu, na ninapopata nafasi nasafiri kwenda mji mwingine kwenye ibada ya Kiswahili inayotukutanisha Watanzania, Wakenya na Wakongo mara moja kwa mwezi. Katika kanisa la mtaa wangu nimeingia mara chache tu. Waumini ni wachache na wengi wao ni wazee, na baada ya ibada kila mtu huenda zake.

Nilimweleza mama yangu kwa simu. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Ukishatia saini utakuwa nani? Na ukifia huko, nani atakuzika?" Kwake yeye kujitoa kanisani ni kumkana Kristo. Alinikumbusha kwamba wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa kutoka mji huu huu ninaoishi, na kwamba babu zetu walibatizwa kwa mikono yao.

Halafu kuna binti yetu. Wenzake wengi darasani wanajiandaa kwa Jugendweihe, ile sherehe isiyo ya kidini ya vijana kuingia utu uzima, na mama mkwe wangu ameshaahidi kumnunulia gauni. Mimi nilitumaini apate kipaimara. Mume wangu anasema mtoto aachwe achague mwenyewe. Juzi binti yangu aliniuliza, "Mama, kama na wewe unatoka, kwa nini mimi niingie?" Sikuwa na jibu.

Nikitia saini, nitakuwa nimemkana Mungu wangu? Nikikataa, nitakuwa nimemdharau mume ambaye amenitunza kwa miaka yote hii? Naomba unishauri.

Mama wa binti mmoja, Leipzig

JIBU

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila niliporudi kuisoma niliona jinsi ulivyojitahidi kumtendea haki kila mmoja unayemtaja. Mume wako umemsifu hata pale ombi lake linapokuumiza, na mama yako umemnukuu bila kumlaumu. Watu watatu unaowapenda wanaitazama karatasi moja, na kila mmoja anaona kitu chake: mume wako anaona malipo asiyoyaridhia, mama yako anaona kumkana Kristo, na binti yako anaona mfano wa kufuata. Ambaye simwoni vizuri katika barua ni wewe. Umeniuliza kama utamkosea Mungu na kama utamkosea mume, lakini hujaniambia, kama watu wote wangekaa kimya kwa wiki moja, wewe mwenyewe ungependa kubaki katika kanisa hilo au la, na kwa sababu gani. Ninakuomba ulitafute jibu hilo kabla ya jingine lolote, na si lazima uniambie mimi.

Tuanze na karatasi yenyewe, kwa maana inaelekea ninyi nyote mmeipa uzito usiolingana na uwezo wake. Katika jimbo la Saxony, ulimo mji wa Leipzig, mtu hujitoa kanisani kwa kutoa tamko mbele ya ofisi ya usajili ya serikali, na tangu hapo sheria haimtambui tena kuwa mshirika. Hawezi kupiga kura katika uchaguzi wa wazee wa kanisa, hawezi kusimamia ubatizo wa mtoto wa rafiki yake, na ibada ya mazishi yake haiwi tena haki yake ya kawaida, bali hutegemea uamuzi wa mchungaji. Mama yako hakukosea kuuliza swali la mazishi. Lakini tamko hilo haliufuti ubatizo wako. Sisi Walutheri tunafundishwa kwamba ubatizo hutolewa mara moja na haurudiwi, na ndiyo sababu anayetaka kurejea katika kanisa huko Ujerumani hazungumzi habari ya kubatizwa upya. Huzungumza na mchungaji na kupokelewa tena. Kwa hiyo swali la mama, "Utakuwa nani?", lina sehemu ya jibu ambayo hakuna ofisi inayoweza kuigusa.

Hata hivyo, mume wako naye akisema kwamba imani iko moyoni, amesema nusu ya jambo. Mtume Paulo katika Warumi 10 anaweka moyo na kinywa pamoja: kwa moyo mtu huamini, na kwa kinywa hukiri. Tamko la kujitoa husemwa kwa kinywa, mbele ya ofisa, na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Kwa mtu aliyekua akiliona kanisa kama taasisi mojawapo kati ya nyingi, tendo hilo ni kama kufuta uanachama. Kwa mtu aliyelelewa katika usharika wa Machame, ambako kanisa ndilo lililomwandika alipozaliwa, likamfundisha kusoma Maandiko, likamwoza na kuwazika babu zake, tendo hilo hilo linaweza kuacha jeraha ambalo mume wako halioni kwa sababu hajawahi kuwa na mahali pa namna hiyo pa kuumia. Je, umewahi kumweleza hivyo? Uliandika kwamba alipojitoa yeye uliumia na hukusema kitu. Nadhani mazungumzo mnayoyahitaji leo yalipaswa kuanza siku ile, na hayajachelewa.

Unapozungumza naye, kumbuka pia alikotoka. Wazazi wake, kama ninavyoelewa, walilelewa katika Ujerumani Mashariki, iliyokuwa nchi ya kikomunisti, ambako serikali ilianzisha Jugendweihe mwaka 1954 ikiwa na nia ya kuchukua nafasi ya kipaimara, na ambako kijana aliyeshikamana na kanisa aliweza kunyimwa nafasi ya kusoma chuo kikuu. Familia nyingi ziliondoka kanisani katika miaka hiyo, nyingine kwa kuiamini itikadi ya serikali, nyingine kwa hofu, na watoto wao wakakua bila kujua kanisa ni la nini. Bibi aliyesisitiza mjukuu abatizwe katika mazingira hayo alikuwa mwanamke jasiri. Ningependa umwulize mume wako habari zake: aliamini nini, alilelewaje kanisani, mbona mtoto wake hakumfuata. Tena mji wenu huo wa Leipzig ndio ulioona maombi ya amani katika kanisa la Nikolai, na tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 wakaandamana barabarani dhidi ya serikali hiyo bila risasi kufyatuliwa. Si mji usiomjua Mungu, kama mama yako anavyoweza kudhani akiwa mbali. Ni mji uliojeruhiwa katika jambo hili, na mume wako ni mtoto wake.

Ninamwona kama mtu mwenye dhamiri. Alipoona haamini, alitoka waziwazi, hakubaki kwa unafiki. Na bado anakusaidia kutuma ahadi Machame. Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 7 anamwambia mwanamke aliye na mume asiyeamini, ambaye yuko radhi kukaa naye, asimwache, na anasema nyumba ya namna hiyo ina utakaso wake. Basi hasira yake mliposoma ile barua inaweza kuwa haikuwa juu ya imani yako hata kidogo. Inaweza kuwa hasira ya mtu aliyefanya uamuzi kwa hiari, kisha akaona uamuzi huo hauheshimiwi. Mwulize kwa upole: kinachomuuma ni kiasi cha fedha, au ni kuhesabiwa katika jambo ambalo alikwisha kulikataa? Majibu hayo mawili yanaelekea njia mbili tofauti.

Kama ni fedha, shughulikieni fedha kwanza, kwa maana kuna milango ambayo barua yako haionyeshi kama mmeijaribu. Kodi ya kawaida ya kanisa katika Saxony ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, wala si ya mshahara. Ada ya pekee inayowasumbua ninyi hutokana na hesabu ya pamoja. Wanandoa wana haki ya kuwasilisha hesabu kila mmoja peke yake, na hapo msingi wa ada hiyo huondoka. Hatari yake ni kwamba wanandoa ambao mmoja anapata kipato kikubwa na mwingine kidogo mara nyingi hufaidika sana na hesabu ya pamoja, hivyo huenda mkaokoa kidogo na kupoteza kingi. Kinacholipwa kwa kanisa pia hupunguzwa katika mapato yanayotozwa kodi, na inawezekana kuliandikia kanisa lenyewe kuomba nafuu. Nendeni kwa mshauri wa kodi mkiwa pamoja, awapigie hesabu zote mbili mezani. Mkishaona tofauti halisi kwa mwaka mzima, mtajua kama ni kiasi cha kutikisa nyumba. Njia nyingine ni wewe kuilipa ada hiyo kutoka katika mshahara wako mdogo, ili asione kwamba kanisa linakula jasho lake. Lakini pima kama mgongo wako na bajeti yenu vinaruhusu, na kama yeye mwenyewe angependa kuona mkewe akijinyima kwa sababu hiyo.

Jambo moja usilisahau. Nyumba nyingi za wazee nchini Ujerumani zinaendeshwa na makanisa au taasisi zao za huduma, na baadhi ya waajiri hao huhesabu kujitoa kanisani kuwa jambo linaloweza kugusa ajira. Hukuniambia mwajiri wako ni nani. Soma mkataba wako, na uulize, kabla hujakaribia ofisi ya usajili.

Kama kinachomuuma ni dhamiri yake, basi jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa hapo dhamiri mbili zimekutana katika nyumba moja na kila moja inaomba iheshimiwe. Katika Mathayo 17 wapokea kodi ya hekalu wanamjia Petro na kumwuliza kama mwalimu wake hailipi. Yesu anasema kwamba wana wako huru, kisha anamwambia Petro alipe kwa ajili ya wote wawili ili wasiwakwaze. Nimeitafakari habari hiyo kwa ajili yako. Anayetaka kujitoa anaweza kusimama juu ya neno la kwanza, kwamba wana wako huru na Mungu haabudiwi kwa kutozwa. Anayetaka kubaki anaweza kusimama juu ya tendo lililofuata, kwamba uhuru haukumzuia Bwana kulipa. Swali ambalo habari hiyo inaliacha mikononi mwako ni nani anayekwazika hapa: kanisa, mama yako, au mume unayelala naye chumba kimoja?

Sasa niguse mahali unapoweza kuumia kidogo. Mume wako alisema kanisa la huku halijui jina lako, nawe unaona kuna ukweli. Ninakubali upo. Lakini kwa barua yako mwenyewe, nawe hujui majina yao. Wazee wale wachache uliowaona ni watu waliobaki kanisani katika miaka ambayo kubaki kulikuwa na gharama. Yumkini kila mmoja ana habari ambayo ungeifurahia. Hadi leo misheni ya Leipzig ina uhusiano na KKKT, na Mchaga kutoka Machame anayebisha hodi kwa mchungaji wa mtaa na kujitambulisha hatakuwa mgeni kabisa. Huenda ukakuta ubaridi. Nimewasikia dada wengi walioishi Ulaya wakilia kwa ubaridi huo, na sitakuahidi kwamba wewe utaukwepa. Lakini ukiamua kubaki kwa ajili ya kanisa usilolijua, mume wako atakuwa na haki ya kuuliza mnalipia nini. Na ukiamua kutoka, ni vizuri ujue unatoka wapi. Ongea pia na mchungaji wa usharika wako wa nyumbani, umweleze hali hii ya kisheria kwa urefu, kwa kuwa yeye anaweza kumsaidia mama yako kuelewa jambo ambalo kwa simu linasikika kama kukufuru.

Nimwachie nafasi binti yako, kwa maana swali lake ndilo lililonigusa kuliko yote. Kwa sheria ya Ujerumani ya mwaka 1921, mtoto akifikisha miaka 14 ndiye anayeamua habari za dini yake, kwa hiyo baba yake anaposema aachwe achague, anaeleza jambo ambalo karibu litakuwa haki ya mtoto hata kama ninyi wazazi mngekataa. Kipaimara cha kulazimishwa hakitampa unachokitamani. Tena usiichukulie Jugendweihe ya leo kama ile ya zamani. Kwa familia nyingi sasa ni siku ya gauni, hotuba na chakula na ndugu, na wapo vijana wanaoifanya na bado wakapata kipaimara, ingawa si kila mchungaji anaridhia, hivyo uliza. Mama mkwe wako aliyeahidi gauni huenda anataka tu kuwa na sehemu katika siku kubwa ya mjukuu wake, kama ambavyo mama yako angetaka.

Kuna kijana mmoja katika Maandiko aliyekuwa na mama mwamini Myahudi na baba Myunani: Timotheo. Matendo 16 inamtaja baba kwa maneno machache tu, lakini Paulo anapomwandikia Timotheo baadaye anaikumbuka imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Nyumba ile ilikuwa na mila mbili, na imani ikapita kwa wanawake wawili ambao mtoto aliwaona wakiiishi. Hilo halikuhakikishii chochote kuhusu binti yako, lakini linaonyesha kwamba hali yenu si mpya. Alipokuuliza kwa nini aingie ikiwa wewe unatoka, huenda hakuwa anabishana. Huenda alitaka kujua, kwa dhati, kitu hiki kina thamani gani kwako. Ukimjibu kwamba bado unatafuta jibu na ukamweleza unavyolitafuta, utakuwa umempa zaidi ya hotuba. Ila nakuomba usimtumie kumshinda baba yake, wala usikubali yeye atumike kukushinda wewe.

Njia zote zilizo mbele yako zina gharama, na sikufichi. Ukijitoa ili nyumba itulie, amani inaweza kuja, lakini pia unaweza kukuta miaka ijayo unamlaumu mume kimoyomoyo kila unapopita mbele ya mlango wa kanisa. Na chuki ya kimya katika ndoa ni ghali kuliko ada yoyote. Ukibaki, mume anaweza kuona kwamba umeichagua taasisi dhidi yake, isipokuwa aelewe kutoka kinywani mwako kwamba hukumkataa yeye. Ukiomba muda, yeye anaweza kuona unakwepa, hivyo umpe tarehe na uishike. Mwisho wa mwaka ni tarehe aliyoiweka yeye. Hakuna sheria inayokulazimisha kuamua kufikia siku hiyo, kwa maana tamko la kujitoa linaweza kutolewa mwezi wowote, na mtu hujuta mara chache kwa kungoja hadi hesabu ziwe mezani na mazungumzo yawe yamekwisha.

Nitaiweka familia yenu katika maombi yangu, mume wako akiwemo kwa heshima yake yote. Utakapopata jioni tulivu ya kumwuliza habari za bibi yake, niandikie tena uniambie alikujibu nini.

Mama Mshauri